Pete Kwenye Pakiti ya Kijani

"Dada, unauunguza!"

"Tulia wewe. Vichwa vya mtaa huu vyote vimepita chini ya pasi hii, sembuse kimfuko cha vitafunwa."

"Ukiyeyuka je? Pete imo ndani!"

"Yaowen, shika hapo pembeni uache kutetemeka. Unaposa au unakwenda kung'olewa jino?"

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha saluni, kichwa kimepakwa rangi, sina pa kukimbilia. Ndiyo maana haya nayajua tangu mwanzo. Shuchin, mwenye saluni, alikuwa anaubana tena mdomo wa pakiti ya vitafunwa kwa pasi ya nywele, na mdogo wake Yaowen jasho linamtiririka. Duka la Yaowen limepakana na saluni ukuta kwa ukuta. Anaagiza gemu kutoka Japani, na si gemu za maana, ni zile za kiajabuajabu ambazo nadhani Wajapani wenyewe huzinunua wakiangalia pembeni.

"Pete unaitia kwenye vitafunwa kwa nini?" nikauliza. "Si umwambie Peirong kwa mdomo, kama watu wengine?"

"Shangazi, mdomo wangu ukifika mbele ya Pei unakuwa kama umepakwa gundi."

"Gundi hiyo itakuponza," Shuchin akasema. "Ijumaa anatakiwa aijibu hospitali. Wanataka kumhamishia Taipei. Akikubali, ndiyo basi tena."

"Najua, Dada."

"Unajua halafu umekaa kimya kama figa."

"Si ndiyo hii nafanya!"

Nikuambie walivyoanza. Kila gemu mpya ikiingia, Yaowen huipeleka kwenye chumba cha Peirong, anaiunganisha na runinga, anaondoka. Peirong akitoka kazini anaicheza, halafu anamtumia maoni yake ya kwanza. Yaowen anayabandika dukani, na wateja wanacheka na kununua. Maoni yakazaa chai ya maziwa, chai ikazaa supu ya ng'ombe ya asubuhi, supu ikazaa ufunguo wa chumba. Na Peirong akicheza lazima atafune, hasa vile vitafunwa vya mahindi vyenye ladha ya nazi. Kwa hiyo mpango ulikuwa mzuri. Atacheza, atatafuna, atakuta pete.

Yaowen akachukua kalamu nene, akaandika kwenye ile nafasi nyeupe ya pakiti: *Kaa nami miaka yote. Yaowen.*

"Sasa niiweke wapi aione?"

"Juu ya mashine ya gemu," Shuchin akajibu. "Hapo hawezi kuikosa."

Tukakubaliana wote. Watu watatu tuliozaliwa na kukulia Tainan, na hakuna aliyeshtuka.

*

Jioni, kama Peirong alivyotusimulia baadaye, alikuwa chumbani kwake na mchi mkononi, simu ameibana kwa bega. Mama yake, aliye mji wa Chiayi, ndiye alikuwa upande wa pili.

"Mama, subiri kidogo, natwanga."

"Unatwanga nini, wewe usiyejua hata kuchemsha wali?"

"Ni gemu, Mama. Yaowen kaniletea. Ina kinu cha plastiki na mchi wake. Kwenye runinga kuna bibi anatwanga wali wa kunata, na paka anaugeuzageuza. Muziki unapigwa, na mimi natakiwa kutwanga paka akishatoa mkono. Nikichelewa, nampiga... Aaa! Nimempiga tena!"

"Umempiga nani?"

"Paka. Na figili wananicheka."

"Figili gani tena?"

"Kuna kwaya ya figili, Mama. Wamevaa miwani."

Mama yake akaachana na habari ya figili.

"Peirong, mwanangu. Wanaume wenzake wanaleta maua."

"Kaleta na pakiti ya kijani. Kaiweka juu ya mashine."

"Ya nazi? Si ndiyo unayoipenda? Kula basi."

"Mama! Hiyo ni ya mashine!"

Hapo Peirong alikuwa na haki, na mtu yeyote wa huku Taiwan angemuunga mkono. Mashine yoyote inayotegemewa inawekewa pakiti yake juu, ili itulie isilete ukorofi. Lazima iwe ya kijani, isiwe imepitwa na muda, na mtu asiile. Unaiandikia mashine jina lake au ombi lako, basi, unaiacha hapo. Na Peirong si mtu wa kubahatisha katika hilo, maana yeye ni fundi wa mashine za hospitali. Kila mashine ya kupumulia kwenye wodi yake ina pakiti. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alikula ya mashine namba nne, na kabla ya chakula cha mchana namba nne ikagoma. Daktari mkuu, na vyeti vyake vyote, alikwenda mwenyewe dukani kununua nyingine, akarudi akaiomba mashine radhi.

"Kula tu, nani atajua?" mama yake akasema.

"Mashine itajua."

"Haya. Kaiandikia nini?"

Peirong akasogea, akasoma. Mchi ukashuka taratibu.

"'Kaa nami miaka yote.'"

"Kaiambia mashine?"

"Kaiambia mashine, Mama. Mimi tangu tujuane sijaambiwa hata 'kaa kidogo'."

"Na Taipei umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema, 'Ahaa.'"

"Basi muulize, unataka niende au nibaki."

"Siulizi! Mtu anayetaka nibaki ana mdomo. Akisema neno moja tu, siendi."

Akamuaga mama yake, akakata simu. Simu ikaingiza ujumbe, wa Yaowen.

*Umefungua?*

*Nimefungua, nimecheza,* Peirong akaandika. *Maoni ya kwanza: nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Paka ana roho nzuri kuliko watu wengi ninaowafahamu. Figili wana dharau. Hatua ya pili unamsugua mcheza mieleka mgongo bafuni, mkono wangu sasa hauinuki. Ni ya kuazima wiki moja, si ya kununua.*

*Na ile pakiti?*

*Nimeiona.*

*Ulisoma nilichoandika?*

*Nimesoma.*

*Halafu?*

Peirong akashangaa mtu anayeulizia pakiti ya mashine kama mgonjwa. Akajibu kwa hasira ya mtu aliyeumia:

*Halafu nini? Nimeiacha palepale. Ndipo mahali pake.*

Akangoja. Akaona Yaowen anaandika, anaacha, anaandika tena, anaacha. Mwisho Peirong mwenyewe akatuma: *Ijumaa natakiwa niwajibu kuhusu Taipei. Una la kusema?*

Jibu lilichelewa kiasi cha maji ya tambi kuchemka.

*Nenda. Ni nafasi nzuri.*

Peirong akazima gemu, tambi hakuzitia kwenye maji. Alikaa sakafuni karibu na kinu, akalia.

*

Kesho yake nilirudi saluni. Nilisingizia rangi haijakolea.

Yaowen alikuwa kwenye kiti cha wateja, uso umemshuka. Shuchin alikuwa na simu yake mkononi, anausoma ule ujumbe kwa mara nyingine.

"'Nimeiacha palepale. Ndipo mahali pake,'" akasoma. "Huyu mwanamke ana moyo wa barafu!"

"Usimtukane, Dada."

"Pete ya mtu unaiacha kwenye vitafunwa? Angekataa basi kwa heshima!"

"Kakataa kwa heshima. Hakupiga kelele, hakunirushia. Kaiacha tu." Akajifuta pua kwa taulo la saluni. "Na mimi nimemwambia aende. Sitaki awe na deni la kunionea huruma."

Nikamwonea uchungu kijana yule. Nilitamani kumkumbatia, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa povu.

"Mpigie simu," nikasema.

"Nimwambie nini, Shangazi? Jibu ninalo."

*

Ijumaa asubuhi Peirong akaja mwenyewe. Kupitia mlango wa kati, ule unaounganisha saluni na duka, tulimwona akiingia na boksi kubwa la gemu, na juu ya boksi pakiti ya kijani, ameizuia kwa kidevu isianguke. Macho yamemvimba. Shuchin akazima kikausha nywele ili tusikie vizuri.

"Nimekuletea vitu vyako," Peirong akasema.

"Ungebaki navyo."

"Taipei nitakwenda na kinu cha plastiki?"

"Kwa hiyo unakwenda."

"Si umesema niende? Mchana nawapigia."

"Ndiyo. Ni nafasi nzuri."

"Umeshasema hilo. Nimelisoma."

Akashusha boksi chini. Pakiti akaishika kwa mikono miwili, akazungusha macho dukani akitafuta pa kuiweka, kisha akaiweka juu ya kompyuta ya kaunta, kando ya ile iliyokuwapo tangu zamani. Akaigeuza maandishi yatazame mbele, akaisawazisha.

"Nimekuwekea vizuri. Usije ukasema imeharibika kwangu."

Yaowen akaitazama. Akaisogelea. Akapitisha kidole kwenye mdomo uliobanwa na pasi ya nywele.

"Pei. Hii haijafunguliwa."

"Ifunguliwe na nani?"

"Wewe! Hukuila?"

"Niile? Yaowen, unanionaje? Nile pakiti ya mashine? Mimi?"

Nyuma yangu kitana kikaanguka. Shuchin alikuwa amekodolea macho kikausha nywele chake kikubwa. Juu yake kulikuwa na pakiti ya kijani. Akatazama redio: pakiti ya kijani. Akatazama mashine ya kufulia mataulo.

"Mungu wangu!" akapiga kelele. "Yaowen! Juu ya mashine! Tuliiweka juu ya mashine!"

Yaowen akajipiga kofi la paji la uso, likasikika mpaka barabarani.

"Kuna nini?" Peirong akauliza. "Mbona mnapiga kelele?"

"Ifungue, Pei."

"Siifungui."

"Nakuomba."

"Iko juu ya kompyuta inayowaka! Ikizima na mahesabu yako yote utasema ni mimi."

Yaowen akapiga magoti chini ya kaunta, akashika waya mkubwa, akaung'oa ukutani. Kompyuta ikazima, runinga za maonyesho zikazima, feni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama. Mteja mmoja aliyekuwa anajaribu gemu pembeni akaweka mkono kichwani.

"Sasa hapa hakuna mashine," Yaowen akasema, bado yuko magotini. "Ni mimi na wewe tu. Fungua."

Peirong akaichukua pakiti. Akaisoma tena. Nikaona rangi inampanda usoni.

"Yaowen. Maneno haya ulimwandikia nani?"

"Wewe."

"Nani?"

"Wewe, Pei. Nani mwingine?"

"Basi niambie. Kwa mdomo. La sivyo siifungui."

Shuchin akanishika bega mpaka kucha zikaingia. Sote tulijua habari ya ile gundi.

"Kaa..." Yaowen akakwama. Akameza mate. "Kaa nami miaka yote. Usiende Taipei. Na kama unaitaka Taipei kweli, nenda, nitafunga duka nikufuate na kinu changu mgongoni. Sikuwahi kutaka uende. Nilipoandika 'nenda' nilikuwa nalia. Nakupenda tangu ulipoandika kwamba ile gemu ya kunyoa kondoo imekufanya uwaonee huruma vinyozi. Nioe... yaani, nikuoe. Vyovyote utakavyo."

Peirong alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Akararua pakiti. Vitafunwa vikamwagika kaunta nzima, na katikati yake pete, imepakaa unga wa nazi kila upande. Akaiokota. Badala ya kuifuta, akaiweka mdomoni, akailamba ikawa safi, ndipo akaivaa.

"Pei?" Yaowen akauliza kwa sauti ndogo. "Maoni ya kwanza?"

Akaunyoosha mkono, akautazama.

"Ladha nzuri. Inapwaya kidogo. Aliyeileta ni mzito wa kuelewa, na kaiweka mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kuigusa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Lakini hii siazimi. Naichukua moja kwa moja."

Shuchin akapiga kigelegele, na mimi nikapiga makofi na taulo langu kichwani. Yule mteja naye akapiga, ingawa gemu yake ilikuwa imepotea.

Peirong akapiga simu hospitali, akasema habaki kwa sababu ya uoga, anabaki kwa sababu anaolewa. Halafu akampigia mama yake.

"Mama, ile pakiti ilikuwa yangu."

"Si nilikwambia uile!" sauti ya mama ikajaa duka zima.

Kompyuta iligoma kuwaka siku nzima. Yaowen akasema ni waya. Peirong akamtazama tu, akavuka barabara, akarudi na pakiti mpya ya kijani. Ikawaka jioni ileile, na hakuna aliyebishana naye.

Walioana mwezi wa pili, katika ukumbi wenye mashine kubwa ya muziki na pakiti tatu juu yake kwa tahadhari. Kile kinu walikiweka mbele ya wageni, bibi harusi na bwana harusi wakashika mchi mmoja, wakatwanga wimbo mzima. Paka alipigwa mkono mara nyingi tu, na figili walicheka, lakini walioshikilia mchi walicheka zaidi.

Siku hizi wauguzi wa wodi ile wana malalamiko dhidi ya fundi wao. Wanasema kila akifika kukagua mashine ya kupumulia, kabla hajagusa kitufe chochote, anaichukua kwanza ile pakiti ya kijani, anaiweka sikioni, anaitikisa taratibu na kusikiliza.