Siku ya Dawa

Mfuniko wa kopo uligonga taratibu jikoni, kisha mtu akagugumia maji. Kulikuwa bado giza. Inspekta aliamka kwenye kochi la bibi na kujikuta amefunikwa shuka. Alipojilaza pale kumvizia mwizi, hakuwa na shuka.

Alichungulia mlangoni. Kifurushi cha mtego kilikuwa palepale, gundi haijaguswa. Vitatu vya kabla yake, vyote dawa za presha kutoka duka la mtandaoni, vilitoweka kizingitini hapo. Binti wa bibi, anayeziagiza kwa simu kutoka upande wa pili wa mji, ndiye aliyeripoti. Mwendesha pikipiki aliyezileta alikuwa mahabusu.

Inspekta aliingia jikoni.

"Mwizi amekuja, mjukuu wangu?" bibi akauliza.

"Nadhani kalala humuhumu. Umemeza nini?"

"Maji."

"Na kwenye kopo kuna nini?"

"Unga."

"Jana nilikwenda hospitali, bibi. Mama wa dirisha la dawa anakukumbuka. Kasema ukikosa vidonge wiki moja tu, kusimama ni kazi. Wewe eti mwezi wa tatu huna dawa, na usiku umevuka sebule gizani kuja kunifunika."

Bibi akakaa. "Kwa hiyo ningekuacha na baridi yako, ningepona?"

"Labda."

Inspekta alizamisha mkono kwenye unga. Akatoa boksi tatu, zote zimeshafunguliwa.

"Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya hizi."

"Nilidhani watamkaripia tu." Bibi akapangusa unga mezani. "Nilitaka mwanangu achoke na simu, anirudishe hospitali."

"Si ulizimia kwenye foleni kule, ndipo binti yako akaanza kuagiza?"

"Nilizimia, ndiyo. Nilizimia mikononi mwake. Siku ya dawa alikuwa anakuja, tunakaa benchi moja mpaka niitwe. Anasimulia, nasimulia. Sasa dawa zinafika hadi mlangoni. Yeye hafiki."

Inspekta alifunika kopo. Alikuwa na mama pia.

"Vaa viatu, bibi. Mtu atoke kwanza."

Kituoni, mwendesha pikipiki alimwangalia bibi muda mrefu.

"Mimi nilikubebea mtungi wa gesi mpaka ndani."

"Ulinibebea. Ndiyo maana usingizi haunijii. Nimekukosea, baba. Nisamehe."

Bibi alirudia kila kitu kwenye maelezo yake, hakujitetea hata kidogo. Inspekta alipiga simu dukani, akasisitiza mpaka wakakubali kumrudisha mtu wao kazini. Mwendesha pikipiki alichukua kofia yake. Mlangoni aligeuka, akavuta kiti na kumsogezea bibi akae.

Inspekta akabonyeza namba ya binti na kumpa bibi simu.

"Mwanangu, mwizi kapatikana. Ni mimi." Akasikiliza. "Hapana, usilie. Agiza tu kwa simu, zinafika vizuri. Ila wewe njoo tena. Hata mikono mitupu, njoo."