Jiwe la Igalamya

Zama zile pembe za ndovu ziliposhuka pwani mabegani mwa watu, hapakuwa na mtongi aliyesifiwa kama Lugusha. Mtongi ndiye mwenye msafara. Wenye pembe humkabidhi mali zao, wake za wapagazi humkabidhi waume zao, naye hujibu kwa yote. Lugusha alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, shuka yake ya kaniki imefungwa begani na kikuku cha pembe kikimbana mkono wa kushoto. Safari sita alikwenda na kurudi bila kupoteza hata mzigo mmoja, na wapagazi walimtungia wimbo wa kwendea njiani. Aliupenda wimbo ule kuliko alivyopata kukiri, nami nasema mapema kwamba ndio uliomponza.

Safari ya saba iliangukia mwaka wa njaa. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, mashamba ya mtama yamebaki mabua, na rugaruga, yaani waporaji wenye mikuki ambao hawakuwa na bwana, walizagaa vichakani. Waliuvamia msafara kwenye bonde jembamba, asubuhi, wakishuka pande zote mbili kwa makelele. Lugusha hakubabaika. Aliamuru mizigo irundikwe iwe boma, watu wakachutama nyuma ya pembe, magobori yakanguruma. Sungwa, kirangozi wake, ambaye kazi yake ni kutangulia mbele na ngoma, alisimama wima juu ya mzigo akaipiga mfululizo ili kila mtu ajue kwamba msafara bado uko hai. Jua lilipopinda rugaruga walikuwa wametimka. Watu tisa walijeruhiwa, lakini hakufa mtu wala haikupotea pembe. Siku ile waliimba mpaka sauti zikawakauka.

Siku ya nne baada ya ushindi, wapagazi watatu waliamka na homa kali, na kabla ya wiki kwisha ndui ilikuwa imewatoka usoni.

Njia ile ilikuwa na desturi iliyoheshimiwa na wote. Msafara wenye afya unapoukaribia mji hupiga ngoma ya kuingia, na wenyeji hufungua lango. Msafara wenye maradhi huigeuza ngoma juu chini, ukaja kimya na kutua ng'ambo ya mto. Wenyeji huweka chakula juu ya jiwe lililo mtoni, hurudi ndani, ndipo wageni huenda kukichukua. Hakuna aliyewahi kudanganya kwa ngoma. Kila mtu alijua kwamba iko siku naye atauguliwa njiani.

Lugusha alifuata desturi. Katika mji wa kwanza aliigeuza ngoma, akangoja siku mbili, na jiwe likabaki tupu. Katika mji wa pili jiwe lilibaki tupu vilevile, na mishale mitatu ikatua karibu na miguu yao iwe salamu. Wapagazi wakala mizizi ya porini, kisha wakachemsha ngozi za kulalia na kuzitafuna. Mbele yao ulibaki mji mmoja tu kabla ya nyika, nao ni Igalamya, mji wa Mtemi Kulaba. Lugusha alikuwa amechanjiana naye damu miaka kumi nyuma, wakawa ndugu.

Adhuhuri, walipouona moshi wa Igalamya, Lugusha alimwita kirangozi kando.

"Sungwa, wale wagonjwa watatu wafungeni vitambaa usoni na mikononi, muwachanganye na majeruhi wa mikuki. Kisha upige ngoma."

Sungwa alikuwa na uso wenye mashimo. Ndui ilimpata akiwa mdogo ikamwacha, hivyo haikuweza tena kumgusa. "Ngoma ipi, mtongi wangu?"

"Ya kuingia."

"Lakini huyu ni Kulaba, si mtu baki. Ulionja damu yake, naye akaonja yako."

"Ndiyo maana atafungua."

"Basi tuje kimya. Yule hatakuacha ufe. Tungoje siku moja tu."

"Na jiwe likiwa tupu? Nina watu mia na ishirini hapa, Sungwa. Watazame miguu yao. Siku moja ya kungoja ndiyo itakayotumaliza. Wagonjwa watakaa nyumba moja, utawauguza wewe peke yako, siku ya tatu tutaondoka. Hakitatokea kitu."

"Ngoma hii haijawahi kusema uongo," alisema Sungwa. "Usinitie mimi katika hilo, baba."

"Dhambi ni yangu. Mimi ndiye mtongi."

Wapo wazee wanaomtetea hadi leo. Husema watu mia na ishirini si mchezo, na kwamba mkubwa hana budi kuchagua. Mimi siwapingi, maana njaa ile ilikuwa kweli, na mawe mawili matupu yalikuwa kweli. Lakini Lugusha mwenyewe alijua kwamba kulikuwa na jambo jingine kifuani mwake. Aliwaza kwamba ngoma ikionekana imegeuzwa mji wa tatu mfululizo, habari itatangulia pwani, na hakuna mwenye pembe atakayemkabidhi tena mzigo. Aliwaza wimbo wake ukinyamaza. Wazo hilo lilikuwa dogo, alilificha chini ya lile kubwa la njaa, na ndilo lililomtafuna maisha yake yote.

Ngoma ikapigwa.

Lango la Igalamya likafunguka, akatoka Kulaba mwenyewe, mtu mnene mwenye ngozi ya chui begani, akija mbio kama mtoto aliyeona mzazi wake anarudi kutoka shambani. Wanawake walikuwa wakipanda kutoka mtoni na makapu vichwani.

"Ndugu yangu wa damu!" alisema, akimkumbatia kwa nguvu. "Umenitia roho juu! Watu wa miji mliyopita walileta habari mbaya, kwamba una ndui katika msafara. Tangu jana nimeweka chakula jiweni, mtama wa akiba, nyama kavu ya mbuzi wawili. Nikawaambia watu wangu, akija kimya tutamlisha hata mwezi mzima, na atakayenung'unika atahama mji huu. Mara naisikia ngoma! Nikasema rudisheni makapu ndani, mgeni hali jiweni. Kumbe u mzima!"

Lugusha aliyatazama makapu. Hapo bado palikuwa na nafasi. Lango lilikuwa nyuma ya Kulaba, wagonjwa walikuwa nje, na neno moja tu lingetosha. Alijiambia kwamba akisema sasa, yatatokea mawili: ataonekana mwongo mbele ya ndugu yake, na mbele ya wapagazi wake atakuwa mtu aliyedanganya bure. Aibu ilimwelemea kuliko njaa.

"Watu husema mengi njiani, Mtemi," alijibu.

Akaingia.

Sungwa aliwafungia wagonjwa katika nyumba ya mwisho na kukataza wanawake wasiikaribie. Lakini siku ya pili Kulaba alikwenda mwenyewe na kibuyu cha uji, kwa kuwa ilikuwa haki ya mtemi kuwanywesha majeruhi wa ndugu yake. Ndani mlikuwa na giza. Sungwa alisimama mlangoni, akasema majeruhi wamelala. Kulaba alicheka, akampita, akawainua vichwa mmoja mmoja na kuwanywesha, kisha yeye mwenyewe akanywa kilichobaki. Sungwa alimkimbilia Lugusha na kumweleza. Lugusha aliketi chini, mikono kichwani.

Siku ya tatu msafara uliondoka ukiwa umeshiba. Sungwa hakubeba mzigo wake. Aliiweka ngoma miguuni pa mtongi.

"Mimi nabaki na wale watatu," alisema, "na hawa wengine watakaougua. Tafuta kirangozi mwingine."

"Sungwa, wimbo—"

"Waimbe tu. Wewe nenda."

Lugusha alifika pwani na pembe zote. Wimbo ukaongezwa ubeti unaosema kwamba yuko mtu aliyevuka mwaka wa njaa bila kuangusha mzigo. Walipouimba yeye aliondoka barazani akisingizia tumbo. Mwezi uliofuata wachukuzi wa chumvi walileta habari kwamba Mtemi Kulaba amekufa kwa ndui, na wanawe wanne, na zaidi ya nusu ya mji. Hawakujua maradhi yalitoka wapi. Mmoja wao alimwambia, "Pole, mtongi, nasikia alikuwa nduguyo." Lugusha akaitikia pole ile.

Mwaka uliofuata mvua zilirudi. Lugusha alichukua kila kilichokuwa haki yake, vitambaa, shanga na ng'ombe, akashika njia ya Igalamya na watu wachache. Ngoma aliibeba mwenyewe. Hakuthubutu kuipiga, akaja kimya, akatua ng'ambo ya mto kwa kuwa alijiona hana haki ya kuvuka.

Hakuwaza watakavyomwelewa. Baada ya muda walitoka watu sita langoni, Sungwa miongoni mwao, na mbele yao Kalunde, mjane wa Kulaba, uso wake umejaa mashimo mapya. Walikuja hadi mtoni, wakaweka juu ya jiwe kapu la ugali na bakuli la mlenda, wakarudi nyuma hatua nyingi.

"Wageni, kuleni!" aliita Kalunde. "Mnao wagonjwa wangapi, tujue cha kuongeza?"

Lugusha alisimama. "Hakuna mgonjwa, mama. Ni mimi, Lugusha. Mwaka ule niliwaingiza wenye ndui huku nikipiga ngoma. Nilijua."

Mto ulipita kati yao. Sungwa aliinamisha kichwa. Mmoja wa wale sita alikwenda jiweni akalishika kapu alirudishe, na Kalunde akamzuia kwa mkono.

"Nilijua nami," alisema. "Sungwa alituambia wakati tukizika. Mume wangu alikirudisha chakula ndani alipoisikia ngoma yako. Sasa Igalamya chakula kikishawekwa jiweni hakirudishwi, ngoma iseme isemavyo, aje ajaye. Kula, Lugusha. Ng'ombe wako uondoke nao. Na mto huu usiuvuke."

Aliketi akala, kwa kuwa aliambiwa ale, na machozi yakidondokea mlenda. Hakuongoza tena msafara.

Wimbo wake uliimbwa njiani miaka mingi baada ya kifo chake, na haukutaja Igalamya. Lakini watu wa mji ule waliendelea kuweka chakula jiweni, wasikirudishe ndani kamwe, hata wajukuu waliokuwa hawajui tena ni kwa sababu gani.