Mkataba wa Umeme Nilioufuta Mara Nne

"Tia saini hapa, mzee. Hapa tu. Halafu sisi tutamalizana naye."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Karatasi ilikuwa juu ya meza ya jikoni kwangu, na sentensi yake moja naiona mpaka leo nikifumba macho: MIMI SIKUKUBALI MKATABA HUU.

Uongo mtupu!

Nilikubali. Nilikubali mara nne, kwa akili zangu timamu, kwa mkono wangu mwenyewe, huku natabasamu...

Msimamizi wa kampuni ya umeme akatazama saa yake.

"Mzee Trezise, swali ni rahisi. Huyu binti alikusajili bila ridhaa yako, ndiyo au hapana?"

Jamani, ningesema "hapana" ningelazimika kueleza. Na kueleza ndiko kulikonishinda.

Nikatia saini.

Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Matusi yapo, nayastahili, lakini subirini kidogo.

Naitwa Neville Trezise. Hapa Whyalla, mji wa pwani huku Australia, wananiita Nev. Nina miaka sitini na tisa. Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kusoma mita za umeme. Nilikuwa naingia uani kwa kila mtu. Mbwa wote wa mji huu walinijua kwa harufu. Nilijua nani kajifungua, nani kaachika, nani kanunua friji la pili la bia akamficha mkewe.

Siku hizi mita zinajisoma zenyewe. Hakuna anayeingia uani kwa mtu.

Mke wangu Glenys alifariki miaka minne iliyopita. Binti yetu Kerrin yuko Perth, ana maisha yake, anapiga simu Krismasi na siku yangu ya kuzaliwa. Simlaumu.

Ila niwaambie kitu kimoja. Mwaka jana nilikaa siku nane sijafungua mdomo. Niligundua siku nilipotaka kumwambia kashia wa supamaketi "asante," sauti ikagoma kutoka. Yule dada akadhani nimepooza!

Ndipo mwezi wa tatu, mchana, mlango ukagongwa.

"Habari za mchana, mzee! Naitwa Lupe. Nimekuja tuzungumze kuhusu umeme wako. Ukisema niondoke, naondoka."

"Ingia."

"Hujasikia hata nauza nini!"

"Unauza umeme. Ingia, birika liko jikoni."

Akacheka. Jamani, ile nyumba ilikuwa haijasikia kicheko muda mrefu...

Lupe Havili, Mtonga wa vile visiwa vya Pasifiki, miaka ishirini na minne. Jina la kampuni yake naliacha. Walikuja Whyalla kikosi cha watu sita, wanalala moteli, wanapita mtaa kwa mtaa kuwashawishi watu wahamie umeme wa upepo na jua.

"Wetu ni asilimia mia, mzee. Hakuna makaa, hakuna gesi."

Mimi nikamkatisha. Msoma mita ni msoma mita.

"Binti, waya ni ule ule. Nguzo ni ile ile. Umeme hauna rangi. Ukinihamisha leo, taa yangu itabadilika nini?"

Nilidhani atababaika. Wapi!

"Taa haitabadilika kitu, Mzee Nev. Unaoingia hapa ni mchanganyiko, kama wa jirani yako. Lakini kila uniti unayotumia, kampuni inabanwa kununua uniti kama hiyo kwenye upepo au jua, na kuna wakaguzi wanahesabu. Tukichagua hivyo wengi, watajenga mitambo mingi zaidi. Hiyo tu. Na bei itapanda kidogo, sikufichi."

*Sikufichi.* Kwa muuzaji wa mlangoni! Nimewaona wengi wakiahidi bili itashuka mpaka wakulipe wao.

Nikavaa miwani, nikasoma mkataba wote kwa sauti. Kurasa kumi na nne. Sikuwa na wasiwasi na mkataba. Nilitaka chai inywewe taratibu.

Nikasaini kwenye tableti yake. Akiwa mlangoni akasema, kama sheria inavyomtaka aseme:

"Una siku kumi za kazi za kubadili mawazo. Ukifuta hudaiwi chochote. Ila usifute, mzee wangu, tafadhali! Ukifuta itabidi nirudi nikubembeleze."

Alikuwa anatania.

Mimi nilisikia neno moja tu. *Nirudi.*

Siku ya tisa nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Nimebadili mawazo. Futa."

Haikupita wiki. Ngo! Ngo! Ngo!

"Mzee Nev! Nimekukosea nini?"

"Nilikuwa sijaelewa ile bei ya jioni. Ingia unieleweshe."

Akaingia. Akanielewesha. Nikasaini. Siku ya tisa... nikafuta.

Najua, najua! Sikujiuliza kamisheni yake inakwenda wapi mkataba ukifutwa. Mtu mpweke ana uchoyo wake, anajiona yeye ndiye mwenye shida peke yake duniani.

Mara ya tatu alikuja bila shati la kampuni, na mkononi hana ile tableti. Kashika pai mbili za nyama, za moto.

"Leo tule kwanza," akasema.

Tulikula, tukabishana raga. Akanisimulia mama yake alivyo mkali, mimi nikamsimulia Glenys alivyonitupia nyanya siku ya kwanza tunaonana. Saa mbili zikapita kama dakika tano.

Alipotaka kuinuka, nikaingiwa na hofu. Akiondoka bila mkataba, atarudi kwa sababu gani?

"Niletee nisaini," nikasema.

"Si lazima, Mzee Nev."

"Nasema lete!"

Akaniangalia kwa muda. Halafu akaenda garini kuleta tableti. Na ya nne ilikuwa hivyo hivyo. Pai, hadithi, mimi nang'ang'ania kusaini, yeye ananiangalia vile vile.

Nilipopiga kufuta mara ya nne, mama wa huduma kwa wateja akasita.

"Bwana Trezise, hii ni mara ya nne. Kuna mtu anakusajili bila wewe kukubali?"

Nikanyamaza.

"Bwana Trezise? Kama unaona ugumu kusema, nyamaza tu, nitaelewa."

Nikaendelea kunyamaza!

Siku tatu baadaye yule msimamizi, Brett, alikuwa jikoni kwangu na karatasi yake. Yaliyotokea mnayajua. Nilimuuza yule binti kwa sababu niliona aibu kusema, mbele ya mwanamume mwenzangu, kwamba nafuta mikataba ili nipate wa kunywa naye chai.

Wiki ya kwanza nikasubiri. Wiki ya pili nikanunua biskuti zile anazopenda, nikaziweka mezani. Wiki ya tatu nikaona dada mwenye shati la kampuni anapita mtaani kwetu. Nyumba hii akabisha. Nyumba ile akabisha. Ya kwangu akairuka.

Nikamkimbilia na ndara zangu.

"Dada! Dada, samahani! Lupe yuko wapi?"

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wewe ndiye wa nyumba namba kumi na saba?"

"Ndiyo."

"Tumekatazwa kugusa mlango wako. Lupe kafukuzwa, mzee. Kwa sababu yako."

Akageuka, akaendelea na kazi yake. Nilibaki nimesimama barabarani, ndara moja imebaki nyuma kwenye nyasi.

Kesho yake asubuhi nilivaa koti nililovaa siku ya kumzika Glenys, nikaenda kwenye chumba walichopanga nyuma ya duka la samani. Nikawakuta kwenye kikao, Brett mbele, wauzaji wamekaa.

"Nimekuja kufuta ile karatasi," nikasema.

Brett akashika kichwa.

"Unafuta tena? Mzee, wewe kazi yako ni kufuta tu?"

Wakacheka. Acha wacheke. Nikasubiri waishe.

"Lupe hakughushi chochote," nikasema. "Nilikubali mara zote nne. Nilikuwa nafuta ili arudi. Nyumbani kwangu hakuna mtu mwingine anayekuja. Ndiyo hivyo. Nimemaliza."

Hakuna aliyecheka tena. Yule dada wa jana alikuwa anaangalia sakafu.

Brett akanipeleka pembeni, akafungua kompyuta yake.

"Kaa, mzee. Kuna kitu hukijui. Hatukumfukuza kwa kughushi."

"Eh?"

"Tulipomwonyesha karatasi yako hakubisha. Alisema, 'Kama Mzee Nev amesema hivyo, basi andikeni hivyo.' Nikaona si kawaida, mtu gani hajitetei? Nikafungua faili. Hebu soma tarehe za mkataba wa tatu na wa nne."

Nikazisoma. Sikuona kitu.

"Ni Jumapili," akasema. "Zote mbili. Sheria inakataza wauzaji kubisha hodi Jumapili, na sisi tunapigwa faini. Hakuwa kazini, mzee. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Muuzaji akivunja hilo, sina ujanja, lazima aondoke. Na bila karatasi yako hakuna ambaye angefungua lile faili."

Jumapili! Kwangu mimi Jumapili na Jumanne ni siku moja...

Kwa hiyo zile pai hazikuwa mbinu ya biashara. Hakuja kuuza. Alikuja kwangu mimi, na mimi nikamlazimisha achukue mkataba uliomponza!

Nilikuwa nimeshafika nje yule dada aliponikimbilia. Akaniwekea kipande cha karatasi mkononi. Namba ya simu ya Lupe.

Nilipiga nikiwa kwenye benchi hapo hapo. Upande wa Lupe nilisikia mashine. Alikuwa mji wa Mildura, kwa binamu yake, anafungasha machungwa kiwandani.

"Lupe... ni Nev."

"Umefuta tena?"

"Nimefuta ile karatasi. Nimewaambia ukweli, mbele ya wote. Kwamba nilikuwa nafuta ili urudi."

"Nilijua, Mzee Nev."

"Tangu lini?"

"Mara ya pili. Mtu anayesoma kurasa kumi na nne kwa sauti hana wasiwasi na bei."

"Sasa mbona hukujitetea?"

"Ningejiteteaje? Niwaambie una upweke? Hilo lilikuwa lako kulisema, si langu."

"Na zile Jumapili...?"

"Nyumbani Jumapili ni kanisa, halafu chakula, ndugu wamejaa mpaka watoto wanalia chini ya meza. Pale moteli Jumapili nilikuwa nasikia friji tu likinguruma. Nikawa nakuja kwako."

"Ungeniambia, Lupe!"

"Na wewe ungeniambia."

Jamani...

Watu wawili, meza moja, pai mbili, na katikati yetu mkataba wa umeme ambao hakuna aliyeuhitaji ili kukaa pale. Kila mmoja kajificha nyuma yake.

King'ora kikalia huko kwake.

"Naitwa kazini. Sijakusamehe bado, Mzee Nev. Nadhani nitakusamehe. Ila bado."

"Sawa, mwanangu."

Simu ikakatika. Ni miezi miwili sasa. Sijampigia, nasubiri apige yeye, na hajapiga.

Umeme nilibadili mwenyewe. Nilikaa na ule ukurasa wa serikali wa kulinganisha kampuni, nikauliza maswali yote aliyonifundisha, nani anakagua, bei ya jioni ni ipi, nikachagua ya upepo na jua. Zile siku kumi zikapita, sikufuta. Taa zangu zinawaka kama zamani, kama alivyoniambia.

Ninachotaka mjifunze ni hiki. Ukimhitaji mtu, mwambie "njoo." Usimtegee, usimtafutie visingizio, usimfungie kwa karatasi. Mimi niliogopa aibu ya neno moja, nikabeba aibu ya kumkana mtu mwema. Na ninyi wenye wazee wanaoishi peke yao, mkiona anauliza swali lile lile mara nne, msidhani hajaelewa.

Jana nilivuka barabara. Nyumba inayotazamana na yangu anakaa mama mmoja wa Kikroatia, Vlasta. Miaka kumi na moja tunapungiana mikono tu. Nikabisha.

Akafungua kidogo, mnyororo haujatoka.

"Sinunui kitu," akasema.

"Siuzi kitu. Mimi ni Nev wa pale mbele. Nimekuja kunywa chai, kama hutajali."

Akanichunguza.

"Sina maziwa," akasema.

"Nyumbani ninayo."

Akafikiri. Halafu nikausikia mnyororo ukitoka.

"Basi kalete."