Milisekunde Tano

"Koti la njano. Anapanda ngazi. Ana silaha mkobani, usimpe nafasi ya kuufungua."

Redio ya Motorola ilikwaruza sikioni, kisha ikanyamaza.

Sindano alikuwa tayari anapanda, ngazi mbili mbili, bastola ya Glock mkononi, viatu vya raba vikikanyaga vumbi la saruji bila mlio. Jengo lilikuwa halijamalizika. Nondo zilichomoza kila kona na ngazi hazikuwa na pa kushika.

Juu yake nyayo za mtu mzito zilipiga pu, pu, pu.

Ghorofa ya tano zikakatika.

Sindano alijibanza nyuma ya nguzo, akasikiliza. Mtu alikuwa anahema kama aliyebeba kabati. Jambo hilo lilimshangaza. Majasusi aliowakimbiza miaka yote hawakuwa wakihema hivyo.

"Mkoba chini," alisema.

"Dada, usipige! Nina watoto wanne!"

"Hata mmoja anatosha. Mkoba chini."

Akatokea mwanamume mnene wa makamo, koti la njano la mafundi wa kebo, tai imezungukia mgongoni. Sindano aliusukuma mkoba kwa mguu, akaufungua. Hamna bunduki. Kilikuwemo chombo cha kupimia laini, kikubwa kama kitabu cha sala, na mkate uliofungwa kwenye gazeti.

"Silaha iko wapi?"

"Silaha? Labda huo mkate, mke wangu kauoka juzi." Fundi aliivuta tai mbele. "Dada, mimi nilikuwa nakuja kwenu. Jana nimempigia mkubwa wenu wa mitambo, nikamwambia ile laini mliyoichagua si laini. Akasema njoo hapa saa tatu, utamkuta mtu wangu. Nimekuja, nimekukuta wewe na hicho kidude."

Sindano aliishusha Glock.

Mkubwa wa mitambo ndiye aliyekuwa kwenye redio. Ndiye aliyemfundisha kazi. Ndiye rafiki wa marehemu mumewe, aliyelibeba jeneza upande wa kichwa na kulia mbele ya watu kama mtoto. Miaka kumi na moja walikuwa wakiitana shemeji.

"Sema," alisema. "Sema haraka."

Fundi akasema. Idara ya usalama ilikuwa na vyumba viwili vya kompyuta, kimoja chini ya makao makuu, kingine mlimani, kilomita arobaini. Kila kinachoandikwa kwenye cha kwanza kinakiliwe kwenye cha pili, ili kimoja kikiungua kingine kibaki. Ilihitajika laini ya kuviunganisha. Kampuni tatu ziliomba kazi. Wiki ya majaribio laini zote tatu zilichomekwa chumba kimoja.

"Nikapima yetu. Halafu mkono ukaniwasha, nikapima na ya jirani, hii mliyoichagua."

"Ikawaje?"

"Tano."

"Tano nini?"

"Milisekunde, visehemu vya elfu vya sekunde, kwenda na kurudi. Kwa kilomita arobaini, dada, inatakiwa moja, tena moja ya mvivu. Tano maana yake laini ina kilomita mia tano. Haiendi mlimani moja kwa moja. Inapitia kwanza matembezini." Alinyoosha kidole upande wa dirisha lisilo na kioo. "Nguzo za kebo zinazofika umbali huo ziko njia moja tu. Zinafika mpakani, kwenye nyumba ya mitambo yenye paa jekundu, zinageuka."

Mpakani.

Genge la mpakani lilikuwa likivusha silaha chini ya mizigo ya chumvi. Miaka sita iliyopita karani mmoja wa forodha alisimama mahakamani akawataja, mmoja baada ya mwingine. Karani huyo alikuwa mdogo wake Sindano, tumbo moja. Idara ikamficha. Jina jipya, mji mpya. Hata Sindano hakuambiwa wapi.

Jina hilo lilikuwa kwenye daftari la mashahidi, pamoja na mengine mia nne. Nakala ya kwanza ya daftari ingepita kwenye laini mpya leo.

Saa nne kamili.

Aliitazama Casio yake. Saa tatu na robo.

Redio ikakwaruza. "Sindano. Umempata?"

Fundi alifumba macho.

"Amenipotea, shemeji."

"Mtafute. Usirudi bila yeye, unanisikia? Zunguka mji mzima."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Siku zote alikuwa akimwambia rudi upumzike.

"Nimekusikia," alisema Sindano.

Pikipiki ya Yamaha iliwabeba wote wawili, fundi nyuma amekumbatia mkoba na kusoma kila dua aliyoijua. Sindano naye alikuwa na ombi lake. Alimwomba Mungu shemeji awe amedanganywa. Awe mjinga tu. Mjinga anasameheka.

Saa nne kasoro ishirini na tano waliingia chumba cha kompyuta kwa mlango wa jenereta.

Chumba kilivuma na kilikuwa na baridi ya kutetemesha meno. Mlinzi wake alikuwa mama wa miaka sitini, fundi mitambo, aliyevaa masweta mawili mwaka mzima. Idara nzima ilimwita Mama Sweta.

"Wewe, mwanangu! Nimeambiwa uko mjini unakimbiza wahalifu. Na huyu kaka mbona kaloa jasho hivi?"

"Pima laini ya mlimani, mama. Usiulize kwanza."

Fundi alichomeka chombo. Namba zikapanda kwenye kioo, zikatulia.

Tano nukta moja.

Mama Sweta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huu ni uchawi. Mimi mwenyewe niliandika kwenye masharti ya zabuni: kabla ya kila taarifa, mashine itume ishara tupu na isubiri mlimani wajibu imepokewa. Jibu likizidi milisekunde mbili, laini ikataliwe. Hii ilipitaje?"

"Lete masharti."

Jalada lililetwa. Ukurasa wa tisa sharti lake lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni mtu alikuwa ameandika: *Itume bila kusubiri jibu.*

Wino wa kijani.

Sindano aliujua wino ule. Kalamu ya Parker iliyoutoa alimnunulia mumewe mwaka wa kwanza wa ndoa. Siku ya arobaini ya msiba aliitoa mfuko wa koti la marehemu, akaiweka mkononi mwa shemeji. Akamwambia, ikae kwa mtu aliyempenda.

Na maneno yenyewe yalikuwa kinyume cha alichowafundisha! Nani asiyejua somo la kwanza la shemeji? Aliwakaririsha hilo redioni mpaka wakaliota. *Usiniambie umetuma. Niambie amepokea.*

Ndipo jambo la pili likamjia, nalo likamuuma kuliko la kwanza.

Kila mwaka Idara ilimruhusu kumpelekea mdogo wake salamu moja. Alimpa shemeji aifikishe kwa watunza siri. Kila mwaka alimuuliza, na kila mwaka shemeji alimjibu kwa upole, "Nimetuma, shemeji. Nimetuma."

Mara sita.

Hakuwahi hata mara moja kusema amepokea.

"Mama," Sindano alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Lile sharti lako linaweza kurudi?"

"Halijatoka kwenye mashine, mwanangu. Limezimwa tu."

"Liwashe. Halafu ungana na Mkurugenzi kwa simu ya mezani, umweleze namba ulizoziona na paa jekundu. Usitumie redio."

Saa nne kasoro dakika tatu mlango ukafunguka. Shemeji aliingia amevaa suti ya kijivu, kalamu mfukoni. Alimwona Sindano, akamwona fundi. Uso wake haukubadilika. Alikuwa mzuri kazini, hilo hakuna wa kumnyima.

"Shemeji. Nilikuambia uzunguke mji."

"Nimezunguka. Kilomita mia tano."

Alicheka kidogo. Kisha akaacha.

"Ulinituma nimuue mtu mwenye mkate," Sindano alisema.

"Nilikutuma kazini."

"Na salamu zangu? Ulizitupa wapi?"

Hapo ndipo macho yake yalipokimbia. Akayarudisha. "Sikuwa na chuki na mdogo wako. Kiti cha Mkurugenzi kilikuwa changu, shemeji. Miaka ishirini na sita! Wakampa mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Wale wa mpakani walinisikiliza. Wana laini, nami nina ufunguo wa kufungulia data. Basi."

"Basi?"

"Basi." Bastola ndogo ya Walther ilikuwa tayari mkononi mwake. "Kaeni hapo hapo."

Alisogea kwenye meza. Saa ya ukutani ikagonga nne. Akabonyeza.

Feni zikavuma. Namba za milisekunde zikapanda kiooni.

Moja. Mbili.

Tatu.

Kioo kikawa chekundu. *Jibu limechelewa. Laini imekataliwa. Hakuna kilichotumwa.*

Akabonyeza tena. Chekundu. Akabonyeza kwa ngumi.

"Inasubiri jibu," Sindano alimwambia. "Kama ulivyotufundisha."

Bastola ilinyanyuka. Mama Sweta alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chuma wa kabati la seva kama mtu anayetafuta waya. Aliusukuma kwa mwili wake wote na masweta yake mawili. Mlango ulimgonga shemeji kwenye kifundo cha mkono. Risasi ikaingia sakafuni. Kabla mwangwi haujaisha Sindano alikuwa amempiga kiwiko cha koo, amemlaza, goti mgongoni, pingu krak.

"Uzee si ugonjwa," Mama Sweta alisema, akihema.

Fundi alikuwa chini ya meza. "Nitoke?"

"Toka, kaka. Kula mkate wako."

Saa nne na nusu simu ya mezani ililia. Vijana wa Idara walioko mpakani walikuwa wameingia nyumba ya paa jekundu. Waliwakuta watu saba, wote wameketi mbele ya mashine wakisubiri daftari.

Walinzi walimnyanyua shemeji. Mlangoni aligeuka.

"Shemeji..."

"Usiniite hivyo." Sindano aliichomoa ile Parker mfukoni mwa suti, akaifuta kwa leso yake, akaitia mfukoni mwake.

Akaongea na Mkurugenzi, sentensi moja tu. Kisha akakaa kwenye kiti cha Mama Sweta, mikono mapajani, akasubiri. Mama alimfunika bega kwa sweta moja, bila kuuliza.

Dakika arobaini.

Simu ikalia.

"Sindano," alisema Mkurugenzi. "Salamu yako."

"Usiniambie umetuma, mkuu."

"Amepokea. Anauliza kama bado unakoroma."

Sindano alikata simu. Alimrudishia Mama Sweta sweta lake, akavaa miwani ya jua na kutoka kwa mlango wa jenereta. Jua lilikuwa kali. Alipiga Yamaha teke moja, ikawaka, akaondoka taratibu kama mtu anayekwenda dukani.