Siku Zangu Tatu za Kununa

Nikitoka shule, nakaa chini ya meza ya cherehani ya Baba na kuokota vipande vya vitambaa. Baba ni fundi nguo, na kwa ukali wangu ameniita Pilipili. Kwa vipande hivyo nilijishonea gauni langu la kwanza, kwa mikono yangu mwenyewe, lenye kola na mifuko. Dada akaomba alipige pasi. Akanogewa na simu, pasi ikalala kifuani mwa gauni, likaungua. Kisha akalificha chini ya godoro na kuniambia hajaliona.

Nililigundua Alhamisi alasiri. Dada aliniomba radhi huku analia, lakini mimi kimya. Kwenye chuo cha Kurani tumefundishwa kwamba si halali Muislamu kumnunia nduguye zaidi ya siku tatu. Basi siku tatu ni zangu, nikasema, na simpunguzii hata saa moja.

Tulikula sahani moja, mimi nikiangalia ukuta. Mama aliponisihi, nilimjibu kwamba nafuata sheria. Akashika kiuno, akasema makubwa haya.

Jumapili asubuhi Dada alikuwa anakwenda shule ya bweni, harudi mpaka muhula uishe. Mama alitoka naye kumsindikiza stendi. Mimi niko zangu chini ya meza.

"Pilipili," Baba akasema, "basi la dada yako linaondoka saa nne."

"Muda wangu unaisha alasiri, Baba."

Hakucheka. Akasimamisha cherehani na kuinama anitazame.

"Gauni limeungua, na umedanganywa. Nani amekukataza kukasirika?"

"Hakuna."

"Hata sheria haikukataza. Aliyeileta ndiye aliyekuumba. Anajua moyo ukiumizwa unachemka na unahitaji kupoa, ndiyo maana akakupa nafasi. Anajua pia kwamba ukiachiwa tu hauna breki, ndiyo maana akaweka ukomo. Hukupewa siku tatu uzimalize kama sahani ya chakula. Na mbora wa wawili walionuniana ni yule anayeanza kutoa salamu."

"Kwa hiyo nijifanye nimefurahi?"

"Nani kasema? Nenda na hasira yako."

Nilikimbia mpaka stendi, kiatu kimoja kikataka kunitoka. Dada alikuwa ameshakanyaga ngazi ya basi.

"Assalamu alaikum," nikamwambia, uso nimeukunja. "Na bado nimekasirika. Likizo utakaa na mimi tushone jingine."

Dada aliangusha begi, akaitikia, akanikumbatia mpaka kondakta akalalamika. Nililia pia. Kwa hasira, nilimwambia Mama.

Nyumbani Baba aliniuliza kama hasira zimeisha. Nikamjibu bado, na mpaka leo nasema nilikuwa na haki ya kukasirika.

"Si kitu," akasema, akirudisha mguu kwenye cherehani. "Hasira ni yako, hakuna anayekunyang'anya. Ulichoambiwa ni usimfungie nduguyo mlango."