Pumzi ya Chupa ya Tatu

Kontakta ilikuwa imezimwa, imetolewa kwenye kabati lake, nyaya zake zimeunganishwa ardhini, lakini ilikuwa inahema.

Fundi mkuu wa kiwanda, ambaye wenzake walimwita Taratibu kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akifanya jambo kwa pupa, aliinama akatega sikio. Swichi kubwa kama ile, ya kuwashia mota ya kinu cha kusagia mawe, ina chupa tatu za kauri zilizonyonywa hewa yote, ili shaba zinapoachana humo ndani umeme ukose pa kurukia. Chupa ya tatu ilikuwa inavuta pumzi, na ilinuka nywele zilizoungua.

"Shemeji, unasikia?" alinong'ona.

Mdogo wa mkewe, msaidizi wake kazini, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa amekwisha rudi nyuma. "Nasikia. Tuiache hivyo hivyo, tutafute mtu wa dua."

"Tukiiacha mbovu itamlipukia mtu. Ngoja tuipime kwanza."

Wakajikinga nyuma ya kizuizi. Taratibu akaunganisha mashine ya kupimia, akapandisha volti polepole. Chupa ya kwanza ilikuwa nzima, na ya pili pia. Kwenye ya tatu mshale uliruka, mashine ikajizima.

"Imepoteza ombwe. Hewa imeingia," alisema Taratibu. Kwa fimbo yenye waya wa ardhini akaondoa umeme uliobaki, akaigusisha tena kuhakikisha, ndipo akamruhusu shemeji yake kulegeza skrubu.

Chupa ilipasuka. Kigae cha kauri kilimchana shemeji shavu hadi meno yakaonekana. Hakulia. Aligeuka polepole, damu ikimchuruzika shingoni, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake.

"Humo hamna pumzi. Nipe yako."

Akamrukia. Taratibu alibamizwa kwenye kabati la chuma, mbavu zikalia kama kuni kavu. Vidole vilimkaba koo, meno yakamng'ata sikio yakaling'oa, naye akapapasa chini akapata spana, akaupiga mkono mmoja wa shemeji tena na tena hadi mfupa ukavunjika na mkono ukaning'inia, lakini ule mwingine haukulegea hata kidogo, na kile kilichokuwa ndani ya shemeji yake kilikuwa kinacheka karibu kabisa na uso wake, kikimvuta pumzi puani kama mtu anayefyonza uboho, huku macho ya shemeji, yale macho yenyewe, yakimtazama kwa woga na kububujika machozi.

Mkewe alimlea huyu mdogo wake mgongoni tangu mama yao alipofariki. Atamwambia nini?

Alijisukuma kwa nguvu zake zote, wakageuka, mgongo wa shemeji ukagota kabatini. Kwa mkono wenye glavu ya mpira akanyakua waya wa mashine ya kupimia, kwa kiwiko akabonyeza kitufe cha kuiwasha, akaukandamiza waya kwenye kifua kile.

Shemeji alirushwa sakafuni. Moshi ulimtoka kolani. Hakuwa anapumua.

Taratibu alizima mashine, akapiga magoti, akakandamiza kifua kwa viganja, kisha akaweka mdomo wake juu ya ule uliochanika na kupuliza. Alipuliza tena na tena, akionja damu, akimwita kwa jina la utotoni. Mwishowe kifua kikainuka chenyewe.

"Shemeji," ilinong'ona sauti aliyoijua. "Kimetoka?"

Taratibu alitaka kumjibu kwamba ndiyo. Lakini kitu baridi kilikuwa kimeteremka kooni mwake, kikakunjuka kifuani, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuisogelea ile shingo pasipo yeye kutaka.

"Kimbia," alisema, ulimi ukiwa bado wake. "Funga mlango kwa nje. Nikikuita, usifungue."

Shemeji alijiburuza kwa mkono mmoja, akatoka. Taratibu alisikia komeo likiingia mahali pake, akashukuru. Kisha miguu yake ikasimama, na ngumi zake zikaanza kuuvunja mlango.