Alama ya Kiganja

Kila Jumatano baada ya chai ya saa nne, wanafunzi wa Gredi ya Sita katika shule moja ya Njiru walivua viatu, wakaelekea kwenye shimo la mchanga nyuma ya madarasa. Hapo Mwalimu Mutie aliwafundisha kuruka: kukimbia, kukanyaga ubao, kupaa, kisha kutua.

"Ukitua, tupa mikono mbele," alizoea kusema. "Ukiangukia nyuma ukaweka kiganja mchangani, nitapima hadi kwenye kiganja. Visigino havitakuokoa!"

Jumatano hii alikuwa akichagua msichana mmoja wa kwenda mashindano ya kanda. Walikuwa wamesalia wawili, Hayat na rafiki yake aliyeitwa Wangu. Hayat alikuwa amekwisha kuruka, tena vizuri.

Wangu alikuwa na mbio za swala, ila kutua kulimshinda. Aliruka, akatua, na mkono wa kushoto ukarudi nyuma ukaacha alama ya vidole mchangani. Mwalimu alikuwa ameinamia ubao, akitazama kama mguu umevuka. Kufumba na kufumbua, kabla mtu hajaiona, Wangu akaifuta alama ile kwa goti.

Mwalimu akavuta utepe wa kupimia hadi kwenye alama ya visigino. "Wangu amempita Hayat!"

"Panzi! Panzi wa Njiru!" mwanafunzi mwenzao Bedan akapaza sauti, na darasa likalipuka kwa makofi.

Hayat naye alipiga makofi, ingawa machozi yalimlengalenga. Akaja kumpangusa mwenzake mchanga mgongoni. "Hongera, bwana. Uwashinde wote huko."

Kila mkono ule ulipomgusa, Wangu alihisi kama anachapwa.

"Tulieni," Mwalimu Mutie akasema. "Sasa Wangu atatuonyesha namna ya kutua. Tazameni mikono yake."

Angekataaje? Akakimbia, miguu mizito kama ya kuazima. Akaruka. Mkono ukarudi nyuma vilevile.

"Haiya! Panzi amekaa kitako!" Bedan akaangua kicheko.

"Ameteleza tu, Mwalimu," Hayat akamtetea. "Mpe nafasi nyingine."

Utetezi huo ndio uliomchoma. Wangu alitamani mchanga ummeze mzimamzima. Angeitikia tu kwamba ameteleza, mambo yangekwisha. Lakini hakuweza kumtazama Hayat usoni.

"Sikuteleza," akasema. "Hata mara ile ya kwanza mkono uligusa. Nikafuta alama. Hayat ndiye mshindi."

Bedan akameza kicheko chake. Hayat akarudi nyuma.

"Na mimi nikakupigia makofi!"

"Nisamehe, Hayat."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Wangu akainamisha kichwa, machozi yakidondoka mchangani. Mwalimu Mutie akachuchumaa mbele yake.

"Hayat ndiye atakayekwenda kandani," alisema. "Nawe, Wangu, aibu hiyo usiikimbie. Umeipata kwa haki. Ulitaka kumpokonya mwenzako jasho lake, tena rafiki yako. Lakini umesema kweli mbele ya darasa zima, na hilo halikuwa rahisi."

Akawageukia wengine. "Sikieni nyote. Mimi hutazama mchanga ili nijue mwanafunzi anakosea wapi, nimfundishe. Akifuta kosa lake nisilione, nitamfundisha nini? Atabaki nalo, siku moja limwangushe mbele ya watu. Anayeficha kosa hulilea, anayelikiri hulishinda."

Kisha akamshika Wangu mkono, akamwinua. "Haya, pangusa machozi. Kesho baada ya masomo, mimi na wewe, tuanze kutua upya."